Kipindi Kimoja cha Leanne

Mkuu wetu wa shule, Gavin Threlkeld, alitangaza Siku ya Kumpumzisha Mwalimu, kisha akaagiza kila mmoja wetu aje na sahani ya kitu alichopika mwenyewe. Ndiyo desturi ya mji wetu wa ngano: ukialikwa, unakuja na chakula. Lakini kumwambia mtu aliyechoka, "Njoo upumzike, na keki uoke wewe," kunahitaji akili ya namna ya pekee, na Gavin alijaliwa akili hiyo kwa wingi.

Mwaka ule walimu walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Vibarua wa kushika nafasi zao hawakubali kuja huku kwenye nzi na joto, kwa hiyo mwalimu akikosekana, wanafunzi wake hugawanywa na kumwagiwa sisi tuliobaki. Aliyebanwa zaidi ni Leanne Vukovic wa sayansi. Vipindi vyake vya kusahihishia vilimezwa vyote. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi, Sione, mgeni wa kazi, kusimama mbele ya darasa bila kupiga kelele. Sasa mji mzima ulijua kwamba ameitwa kazi ya kupima ngano kwenye maghala. Nilitaka abaki. Sikutaka kitu kingine.

Basi siku ikafika, tukakaa kwenye chumba cha walimu. Wizara ilituletea mtaalamu mwenye viatu vyeupe, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tujione ufukweni. Ufukwe wenyewe ni safari ya siku nzima kutoka kwetu. Wakati huo shule yote ilikuwa imerundikwa ukumbini ikitazama filamu, ikilindwa na karani.

"Haya, tuseme kwa uwazi," Gavin akasema, makombo ya keki ya Leanne yangali kidevuni. "Leanne, dada yangu, tufanye nini ubaki?"

"Kipindi kimoja cha kusahihishia kwa siku. Kisiguswe na mtu."

"Hicho tu?"

"Hicho tu, Gavin. Pumzi ninayo."

Tukacheka. Mtaalamu naye akacheka, asijue anachekwa nani.

Gavin akasimama, uso unang'aa. "Nina kitu bora zaidi! Kuanzia leo wewe ni Kiongozi wa Ustawi wa Walimu. Utaendesha vikao, utaandika ripoti, utatuletea mawazo kama haya haya."

"Na kipindi?"

"Tutakiangalia mwakani."

"Bwana we!" nikaropoka. "Mtu anakuambia anazama, unampa jiwe akushikie?"

"Sione, mdogo wangu, punguza moto. Hii ni heshima."

"Basi ivae wewe!"

Leanne hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alimtazama Gavin kama anavyotazama jaribio la maabara lililoharibika tena, akachukua mkoba wake.

"Muhula ukiisha naondoka. Ghalani wananipa muda wa kula, na ngano haina wazazi wa kunipigia simu."

"Jamani, hatujamaliza zoezi!" mtaalamu akalia.

Mlango ukafungwa. Mtu mwenye haya angeinamisha kichwa. Gavin aligeuza shingo taratibu mpaka macho yake yakatua kwangu.

"Sione, wewe kijana, una nguvu. Unaonaje uwe Kiongozi wa Ustawi? Na sayansi ya Leanne uibebe mwakani."

"Mimi ni mwalimu wa historia."

"Sayansi nayo ina historia yake," akajibu, wala hakutania.

Nikatoka mbio. Nilimkuta Leanne anafungua gari, nami kifuani nina maneno tele ya kumsihi. Yote yalinikaukia. Nikamwuliza jambo moja tu: kule ghalani, bado wanaajiri?