Utosi wa Mzee Kofia

Nywele za kinyozi aliyeitwa Taji zilikuwa mali ya mtaa mzima. Zilipanda juu ya paji la uso kama ngazi, zikakata kona mbili, zikaishia kisogoni kwa mstari mwembamba mno, hata watu wakasema nzi akitaka kupita hapo lazima apite kiupandeupande. Saluni yake haikuwa na kibao nje. Kibao cha nini, na kichwa chake kinatembea?

Ndiyo maana aliponunua pikipiki, ya kwanza maishani mwake, nyekundu kama pilipili iliyoiva, helmeti aliyopewa pamoja nayo ilipata kazi nyingine. Aliilaza chali mezani, akaijaza vitana na brashi.

"Nikivaa chungu hicho," alimwambia mkewe, "nitafika kwa bwana harusi nywele zimelala kama za mgonjwa. Nani atanikabidhi kichwa chake?"

Alasiri hiyo alikuwa ameitwa ng'ambo ya mto kumnyoa bwana harusi na wapambe wake wote. Kazi kubwa namna hiyo hakuwahi kuipata. Mkewe alisimama kwenye pazia la chumba chao cha nyuma, mtoto mchanga begani. Hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Taji siku zote.

"Utosi wa mwanao haujafunga bado," alisema. "Ukiuacha na wako wazi, baba, nitashika upi kwanza?"

Pazia likarudi mahali pake.

Taji aliitazama pikipiki yake pale nje, imeegemea stendi. Asubuhi alikuwa ameijaribu kwenye uwanja wa mpira. Alikunja kifundo cha mkono kidogo tu, na chuma chote kile kikaruka mbele kana kwamba kilikuwa kikimsubiri tangu azaliwe. Upepo uliingia kinywani bila hodi. Magoli, miti na watoto waliokuwa wakimshangilia viliyeyuka kuwa kitu kimoja kirefu, na alipofika mwisho wa uwanja alikuta machozi mashavuni wala hakulia. Mwanadamu anapewaje kitu kama kile kwa ufunguo mdogo vile?

Alikuwa bado anaitazama alipoingia Mzee Kofia.

Huyu alikuwa jirani ambaye hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Kofia yake ya sufu alilala nayo, na waliosema anaoga nayo walikuwa tayari kuapa. Wengine walidai ameficha pembe. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa uongo mtamu: aliwahi kusimulia alivyombeba simba kwenye pikipiki, na simba akashukia njiani kwa kuogopa mwendo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeona farasi hapo nje."

"Ni wangu, mzee."

"Hongera. Anauma." Mzee akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akaivua kofia, akaiweka gotini. "Ninyoe."

Taji alibaki na shuka mkononi. Hapakuwa na pembe. Palikuwa na nywele nyeupe tele, nene kama pamba iliyosahauliwa shambani. Alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaanzia kisogoni.

"Mzee, wewe uliendesha miaka mingi. Nipe siri."

"Shimo usilitazame. Mimi nililitazama moja, nalo likanitazama, tukapendana, nikahamia humo. Macho yapeleke unakotaka kwenda. Pikipiki ni mbwa mwaminifu, hufuata macho ya bwana wake."

"Na mvua?"

"Mvua haina ubaya, balaa ni yale manyunyu ya kwanza. Lami inatoka jasho la mafuta, inateleza kama mgongo wa kambare. Simama barazani kwa mtu, omba maji ya kunywa, sema hata uongo, mpaka barabara imalize kuoga."

"Uongo unao wa kutosha, mzee wangu."

"Nitakuazima. Breki nazo, zote mbili, tena kwa adabu. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, ila ukiinyonga ghafla, mwenzio anasimama na wewe unaendelea na safari. Mimi niliendelea mpaka nikatua juu ya banda la kuku. Kuku wote wakanipa shikamoo."

Taji alicheka mpaka ikabidi ainue mashine.

"Na malori?"

"Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, jua na yeye hana habari kama ulizaliwa." Mashine ilikuwa imefika juu ya sikio la kulia. "Hapo zima," mzee akasema kwa sauti ileile ya kuku na kambare. "Tumia vidole."

Taji akazima. Alivijua vichwa. Alijua vya mapacha vinavyotofautiana nundu, na vya watoto walioanguka kitandani mama zao wakakana. Akazipasua nywele kwa vidole viwili, akaufuata mfupa kutoka sikioni kwenda juu, na mfupa ukaisha.

Ukaisha hivihivi. Mbele yake palikuwa na bonde, pana kama kiganja cha mtoto, limefunikwa ngozi tupu. Na chini ya ngozi kitu kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, bila haraka, kama kifaranga kilicholala.

Taji hakuthubutu kuondoa kidole wala kukikandamiza. Mapigo yale aliyajua. Siku mtoto alipozaliwa, mkewe aliuchukua mkono wake akauweka utosini pa yule kiumbe, akamnong'oneza, "Sikia." Yalikuwa ni yaleyale. Chini ya ngozi hii, nyembamba kama karatasi ya kufungia sukari, ndiko lilikokaa banda la kuku, na simba, na majina ya watoto wa mzee, na kila uongo uliowahi kuuchekesha mtaa. Vyote vilikuwa humu, vinapumua chini ya kidole chake, na hapakuwa na mlango.

"Mzee," alisema mwishowe, na sauti ikamtoka ndogo. "Hii nini?"

"Dirisha. Madaktari walifungua hewa ipite, wakaona ndani kunapendeza, wakaliacha."

"Hukuwa na helmeti?"

"Nilikuwa nayo, tena mpya. Niliivaa kwenye kiwiko, isije ikaharibu nywele." Mzee akakitoa kiwiko chini ya shuka, akakikunja na kukikunjua. "Hakikupata hata mchubuko, tazama. Na nywele zilikuwa nzuri, mwanangu. Nzuri kuliko hizo zako. Leo nasema kweli, na unajua si tabia yangu."

Taji alimaliza kwa mkasi, akipumua puani, akizunguka lile bonde kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mzee akasimama, akaivaa kofia yake, akafika mlangoni.

"Na asikudanganye mtu kwamba mkeo alikuja kwangu asubuhi," alisema. "Sikumwona kabisa. Hata mtoto wake, mwenye macho ya bibi yake, sikumwona."

Akaenda zake.

Taji alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo. Aliitazama ngazi, kona mbili, na ule mstari uliomsumbua nzi. Akawasha mashine.

Mkewe alitoka kwa sababu mlio ule ulikuwa mrefu kupita kawaida. Alizikuta nywele sakafuni. Alimlaza mtoto kwenye mkono mmoja, na kwa mwingine akakipapasa kichwa cha mumewe chote, mbele, ubavuni, kisogoni, kisha akakigonga kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi.

"Kumbe chini ya zile nywele kulikuwa na kichwa."

"Kigumu?"

"Kwa sasa." Akamwaga vitana mezani, akakung'uta helmeti, akamvisha, akafunga mkanda kidevuni na kuupima kwa kidole. "Na hizo ndala vua. Vaa viatu."

Alikuwa ameshapanda, ufunguo mkononi, tone la kwanza lilipoanguka juu ya tangi jekundu. Kisha la pili. Lami mbele yake ikaanza kung'aa kidogo, kama mgongo wa kambare. Bwana harusi alikuwa anasubiri ng'ambo ya mto.

Taji akashuka. Akarudi barazani, akaomba maji ya kunywa.

Hakuivua helmeti. Ndani yake mtaa ulikuwa umenyamaza, na alipokuwa anaitazama barabara ikioga, alisikia kitu masikioni, kinapanda na kushuka, taratibu, bila haraka. Alidhani ni mvua. Akasikiliza tena.