Zimwi la Chumba cha Kuchezea

Siku ya kwanza afisa wa ustawi wa jamii hakusema mengi. Alisukuma mlango wa chumba cha nyuma kwa ncha ya kalamu, akaona magunia, matairi, friji mbovu na kitanda kisicho na miguu, akauliza, "Hapa ndipo watoto wanapochezea?"

"Hapa ndipo watakapochezea," shangazi akajibu, haraka kama aliyekuwa na jibu mdomoni tangu asubuhi.

"Nawapa wiki mbili. Nikirudi nikute chumba, si ghala. Nikikuta ghala, nafunga kituo."

Akaondoka. Shangazi akasimama pale mlangoni, mikono kiunoni, akanitazama mimi na yale matairi kana kwamba sote tumemsaliti.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Analea watoto wa watu nyumbani kwake: mama zao wanawaleta alfajiri wakienda kazini na kuwachukua jioni. Wakati ule walikuwa tisa. Mimi nilikuja kwake nilipomaliza darasa la saba, nikasema nakaa mwezi mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Sina cheti. Kazi ninayoijua ni kukaa na watoto na kuwatazama. Kituo kikifungwa, shangazi hana cha kulipia nyumba, na mimi sina pa kwenda isipokuwa kurudi kwa baba nikawe mzigo. Hilo hatukulisema, lakini lilikuwa linakaa nasi mezani kila tulipokula.

Hela ya kununua vitu haikuwapo, kwa hiyo tukaanza na vilivyokuwapo. Matairi niliyasugua kwa sabuni na mchanga, nikayajaza matambara, nikayashonea magunia juu, yakawa viti. Friji tulimwita seremala wa ng'ambo ya barabara atusaidie kuisogeza. Shangazi alitaka ibaki na mlango wake, ipendeze. Mimi nikasema hapana, mtoto akijifungia humo tutamkuta amekauka. Seremala akaung'oa mlango, akaifunga friji ukutani kwa chuma isianguke, tukapata kabati la vitu vya kuchezea. Ilipokuwa ikisogezwa ilimkanyaga seremala kidole. Shangazi badala ya kumpa pole akamwambia, "Nawe ungeangalia unapoweka mguu."

Seremala huyo huyo alitupa vipande vya mbao alivyotaka kuvitupa. Nilivipiga msasa mpaka ncha za vidole zikawaka moto, maana kibanzi kimoja kwenye kiganja cha mtoto ni kilio cha siku nzima. Katoni za dukani nikazikata, nikazipanga ndani ya friji, na kwa kuwa watoto hawajui kusoma, nje ya kila katoni nikagundisha kitu chenyewe: kipande cha mbao kwenye katoni ya mbao, kitambaa kwenye ya vitambaa, kifuniko cha dumu kwenye ya vifuniko. Vifuniko nilichagua vikubwa tu, visivyoingia mdomoni.

Rangi tuliomba masalia kwa mafundi, kila mmoja alichobakiwa nacho kwenye kopo. Tukayachanganya kwenye ndoo moja.

"Ni kijani," shangazi akasema.

"Mama, rangi hiyo haijazaliwa bado," seremala akasema. "Ipe miezi mitatu tena tumboni."

Mimi niliiona kama maji yaliyooshewa sufuria. Lakini ilipokauka ukutani, jua likiingia dirishani, ilituliza macho. Shangazi aliupenda ukuta ule kupita kiasi. Alikuwa akiingia peke yake na kitambaa, anafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na hapo ndipo tulipokosea.

"Mtoto asikanyage humu mpaka afisa apite," akasema. "Mikono yao naijua mimi. Dakika kumi tu, ukuta huu utakuwa kama choo cha stendi."

Kitasa kilikuwa kibovu, mlango haufungiki. Na kulikuwa na mtoto mmoja tunamwita Kiroboto, miaka minne, hakuna mlango aliowahi kuuona akaupita. Tulimtoa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita shangazi akawakusanya wote uani.

"Mna habari?" akawaambia kwa sauti ya chini. "Humo ndani kuna zimwi. Limelala. Mtoto akiliamsha, linamla. Linaanzia vidole vya miguu."

Kisha akanisogelea, akaninong'oneza, "Pitia dirishani. Likorome."

Nikaingia. Nilichukua bati la biskuti, nikalikwaruza kwa kijiko taratibu, kwaruuu, kwaruuu, na mimi mwenyewe nikanguruma kifuani. Nje walipiga yowe, nikasikia miguu ikikimbia. Nilipotoka shangazi alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga, na mimi nikacheka. Tulikuwa tumechoka, nadhani.

"Umeona?" akasema. "Kitasa cha bure."

Kweli, siku nne hakuna aliyeugusa mlango ule. Lakini mimi kazi yangu ni kutazama. Niliona Kiroboto amevaa viatu muda wote, hata kulala hataki kuvivua. Na yule mdogo wa kike, tunamwita Bibi Harusi kwa mwendo wake wa polepole, alianza kuzunguka nyumba nzima kwa nje ili aende msalani, asipite karibu na ule mlango. Siku ya tatu hakuwahi kufika. Nilimbadilisha nguo, naye hakulia, alikuwa ananitazama tu miguu yangu, kama anahesabu vidole.

"Shangazi," nikasema, "hawa wanaogopa kweli."

"Waogope mpaka Alhamisi, afisa akija. Alhamisi zimwi litahama."

Nikanyamaza. Mimi nina ugonjwa huo, wa kunyamaza.

Alhamisi asubuhi shangazi aliwapanga mstari, akapiga makofi. "Jamani, zimwi limehama! Limekwenda zake!"

"Limekwenda wapi, bibi?" Kiroboto akauliza.

"Limekwenda... kwa mwenzake."

"Kumbe yako mawili?"

Kabla shangazi hajajibu, afisa alikuwa getini.

Aliingia chumbani akakikagua kama mtu anayenunua. Akatikisa friji, haikutikisika. Akapitisha kidole kwenye kipande cha mbao. Akachuchumaa, akatazama kila kitu kwa kimo cha mtoto, akavuta katoni moja, akairudisha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Hizi alama nje ya katoni, wazo la nani?"

"Letu," shangazi akasema. "Mfuko ulikataa, mama, akili ikakubali."

Afisa akatabasamu. Alikuwa ameshafungua faili, kalamu mkononi. "Vizuri. Haya, waiteni wacheze kidogo, nione wanavyokitumia."

Tukawaita. Walikuja mpaka hatua tatu kutoka mlangoni, wakasimama.

"Ingieni basi, wajukuu zangu," shangazi akasema kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia. Hakuna aliyesogea. Akamshika Kiroboto mkono, akamvuta. Mtoto akakamata fremu ya mlango kwa mikono miwili, akaweka mguu mmoja huku na mwingine kule, akapiga kelele kama anayechinjwa.

"Mwache," afisa akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Shangazi akamwachia. Kiroboto akakimbilia nyuma ya afisa, na wengine wakamfuata, wote tisa. Bibi Harusi alibaki ameishika sketi ya afisa, na maji yakateremka miguuni mwake mpaka sakafuni.

Afisa akapiga magoti. "Humo ndani kuna nini, mwanangu?"

"Linakula vidole," mtoto akanong'ona.

"Nani anakula vidole?"

Mtoto akamtazama shangazi, kisha akaangalia chini.

Afisa hakuuliza tena. Akaanza kuwakagua. Alishika mkono mmoja mmoja akaugeuza. Aliwavua viatu. Akawainulia mashati akatazama migongo. Mimi nilimwona anavyofanya, polepole, bila kuwatisha, na nikaelewa anatafuta nini. Alama za kipigo.

"Wana aibu tu, mama," shangazi akasema. "Hawajazoea wageni."

"Mgeni ni mimi," afisa akasema bila kugeuka, "na wamejificha kwangu. Wamejificha kutoka kwenu." Akasimama. "Mtoto haogopi chumba. Anaogopa kilichompata chumbani."

Akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba, si ile ya kwanza. "Hii si ya kufunga kituo tu. Hii inakwenda polisi. Na mama zao nitawapigia simu mmoja mmoja."

Shangazi akanitazama. Nalijua jicho lile. Nimelelewa nalo. Lilikuwa linasema, wewe funga mdomo, mimi ndiye mkubwa, nitalimaliza. Na kwetu mtu hamwaibishi shangazi yake mbele ya mgeni, hata kama nyumba inaungua. Lakini kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Zimwi ni mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama.

Nikaeleza yote: ukuta, kitasa, bati, kijiko. Shangazi alifumba macho.

Afisa akanisikiliza mpaka mwisho. "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Hakuniamini. Nikaona hakuna njia nyingine, nikaingia ndani, nikalitoa bati kwenye friji, nikaja nalo mlangoni, nikalikwaruza. Kwaruuu.

Watoto walipiga yowe moja, wakarukiana. Mmoja alianguka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilikaa chini pale pale kizingitini, nikaliweka bati mapajani, nikakwaruza tena, polepole sana, ili wauone mkono.

Kisha kichwa cha Kiroboto kikachungulia ubavuni mwa afisa.

"Hicho ni kijiko," akasema.

"Ndiyo, ni kijiko."

"Zimwi ni kijiko?"

"Ni kijiko na dada mjinga."

Akaja, kidogo kidogo, akaninyang'anya kijiko, akakwaruza. Akaruka kwa sauti aliyoitoa mwenyewe, kisha akacheka. Akakwaruza tena kwa nguvu, masikio yakatuuma. Akaingia chumbani akikwaruza, na mwingine akamfuata akilitaka bati, na mwingine, kisha ikawa kama maji yamepasua bomba. Katoni zilishuka zote. Vifuniko vikavingirika kila kona. Mtu alimpiga mwenzake ubao, mtu akapanda tairi, na viganja, Mungu wangu, viganja vikaanza kupiga chapa kwenye ule ukuta. Shangazi aliuma pindo la kanga asiseme neno.

Afisa alikuwa anahesabu kwa midomo. "Wanane," akasema. "Mnao tisa."

Bibi Harusi alikuwa bado na sketi ya afisa mkononi, amelowa, anatazama.

Nikamwendea na bati. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha kijiko. Akakiangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi alisema lipo."

Afisa akageuka kwa shangazi. Akangoja.

Mimi nimeishi na shangazi miaka sita na sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Magoti yake mabaya, kukaa chini ni kazi. Alishika ukuta, akajishusha, akaugulia kidogo, akakaa sakafuni mbele ya mtoto wa miaka mitatu.

"Mjukuu wangu, bibi alidanganya."

"Halipo?"

"Halipo."

"Na jana?"

"Hata jana halikuwapo. Siku zote halikuwapo."

Mtoto akafikiri. "Kwa nini ulisema lipo?"

Shangazi akamtazama afisa, akanitazama mimi. "Nilitaka ukuta usichafuke," akasema.

Bibi Harusi akaugeukia ukuta, akautazama kwa muda mrefu. Hakuingia. Aliachia sketi ya afisa, basi.

Afisa akairudisha ile karatasi ya polisi kwenye mkoba, akaandika kwenye ile ya kwanza. "Nawapa kibali cha miezi mitatu, si cha mwaka. Hakuna mtoto mpya. Nitakuja bila taarifa, na nikimkuta mtoto huyu bado amesimama mlangoni, siandiki tena, nafunga." Kisha akaninyooshea kalamu. "Na wewe. Ulipoona wanaogopa, ungemwambia mara ya pili. Na ya tatu."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Alipoondoka nilikwenda kutafuta nguo kavu. Niliporudi, shangazi alikuwa uani kwenye bomba, ameinama, amechota tope kwenye kiganja. Nikadhani amerukwa na akili. Alipita mbele ya Bibi Harusi, akaingia chumbani kati ya zile kelele, akakipachika kiganja chake kwenye ukuta wake, juu, mahali ambapo mtoto yeyote asingefika, akakivuta mpaka chini. Mstari mrefu, mweusi, unachuruzika.

"Umeona?" akasema, akiwa ametupa mgongo. "Umechafuka. Hakuna aliyeliwa."

Bibi Harusi alikuja na mwendo wake ule ule. Alifika kizingitini, akashika fremu, akainamisha kichwa ndani kuangalia vizuri.

"Chafua tena," akasema.