Jicho la Aliyekaa

Mimi si mtu wa kunyamaza, na wenzangu karakanani wanalijua hilo. Kwa hiyo mtaalamu wa mandhari alipofungua ripoti humo kwetu, mbele ya kamati ya mji iliyokuja kuikagua, na kusoma, "Kituo cha kumi na moja, karakana ya ushonaji, athari kwa mandhari: hakuna," nilisimamisha cherehani katikati ya pindo.

"Hakuna nini?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Akaeleza taratibu, kama anaongea na mtoto: kampuni itachimba mawe ya saruji kwenye uso wa mlima unaotazama mji, na kazi yake yeye ni kupima machimbo yataonekana wapi na yataharibu mandhari kiasi gani. Hapa kwetu, alisema, mlima wenyewe hauonekani. Akatoa picha: barabara, magurudumu ya lori, ukuta wa ghala. Mlima hamna.

Jamani! Mlima huo nimeutazama miaka ishirini na sita. Mwaka juzi macho yalipoanza kunichezea, daktari aliniambia waziwazi kwamba nisipoyapumzisha nitaiaga kazi: kila nusu saa niyatupe mbali, penye kijani. Penye kijani ni hapo tu. Wakiuchuna uso ule, nitabaki kukodolea mawe meupe yanayong'aa juani, na kiti changu atakikalia mwingine. Kazi nyingine siijui, wala sitaki kuijua.

"Mama, picha haidanganyi," akasema.

"Ulipiga ukiwa wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Kamera juu ya stendi, mita moja na sentimita sitini, usawa wa jicho. Ndiyo kanuni."

"Usawa wa jicho la nani?"

Nikavua futi shingoni, nikampa ncha moja shoga yangu tunayemwita Kifungo, maana mdomo wake haufungiki, aishike sakafuni. Ncha nyingine nikaipandisha hadi kwenye jicho langu, nimekaa vilevile.

"Tusomee, mheshimiwa," nikamwambia mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mrefu asiye na haraka.

"Sentimita mia moja na kumi na mbili."

"Humu tuko mafundi ishirini na wanane. Yupi umemwona anashona amesimama?"

Kifungo alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. Nje ya madirisha yetu kuna bati la kukinga jua, limeshuka chini sana. Ukisimama, linakukata macho, unaona barabara tu. Ukikaa, unatazama chini yake, moja kwa moja hadi kileleni.

Mwenyekiti hakubishana. Nikampisha, akakaa kwenye kigoda changu, akainua uso.

"Ala!" akasema. "Kumbe upo wote!"

Akamwagiza mtaalamu ashushe kamera hadi mia moja na kumi na mbili. Akapiga, akaiingiza picha kwenye kompyuta, akauchorea mlima machimbo kama yatakavyokuwa. Karakana nzima tulijazana nyuma yake. Nusu ya mlima ilikuwa imebanduka, nyeupe, kuanzia begani mpaka kiunoni.

"Na kile kituo cha darasani ulipima vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Nimesimama."

"Zahanati?"

"Nimesimama," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. Kisha, na hapa nampa heshima yake, akafunga ripoti mwenyewe. "Nimekosea. Narudia vituo vyote."

Akarudia. Wiki tatu baadaye barua ya kamati ikaletwa, Kifungo akapanda juu ya meza ya kukatia na kuisoma kwa sauti: uso wa mlima hautaguswa, kampuni itachimba nyuma, bondeni kusikokaa mtu, na kuanzia sasa kila kituo kitapimwa kwa usawa wa jicho la anayekitumia. Vigelegele vilipasua bati! Nililia, sifichi, nikajifuta kwa kitambaa cha mteja.

Mtaalamu mwenyewe alikuja siku ile jioni na suruali ya kupunguzwa.

"Nikae?" akauliza.

"Simama, mwanangu. Suruali hupimwa mtu akiwa amesimama."

Akacheka kwa nguvu kuliko sisi sote. Nikaitia chaki suruali yake, nikakaa, nikatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu bila kukosea. Nusu saa ilipofika nikainua macho. Mlima wangu ulikuwa pale pale, kijani kutoka juu mpaka chini.