Nyumba Namba Ishirini na Saba

Mwaka 1987 migomba ya Bugomora ilianza kuanguka bila upepo. Unauacha mgomba jioni umebeba mkungu vizuri, asubuhi unaukuta umelala chini, shina limetoboka matundu kama ubao ulioliwa. Watu walilaumu jua, wakalaumu udongo, na wengine wakaanza kuwatazama majirani zao kwa jicho la pembeni.

Ndipo akaja kijana mmoja wa Mradi wa Ndizi Bora, bwana shamba Rwegasira, na baiskeli, mabunda ya karatasi na kopo la rangi nyekundu. Alipita nyumba arobaini, akaandika namba kwenye kila mlango. Katika kila kibanja, yaani shamba la migomba la kila nyumba, alifukua udongo pembeni ya mashina hamsini, akayakwangua kwa kisu na kuhesabu yaliyoliwa na fukusi, yule mdudu mweusi mwenye pua ndefu ambaye watu wengine humwita tembo. Kisha akauliza maswali mpaka watu wakachoka.

"Majibu tutayapata lini?" aliuliza Anatolia, mwenye nyumba namba kumi na mbili.

"Yatakuja, mama."

Anatolia alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitano, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa alichokirithi kwa mumewe, na mwenye tabia moja ambayo kijiji kizima kiliijua: akiahidiwa kitu, hasahau. Alisubiri mavuno ya maharage yakapita. Akasubiri mvua za vuli. Migomba kumi na minne zaidi ikaanguka. Siku moja asubuhi akafunga kanga, akapanda lori la kahawa na kwenda Kayanga, safari ya kutwa nzima. Alilala Bugene, jirani na hapo, kwa wifi yake, na kulipokucha alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya mradi.

Rwegasira alipomwona alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata majibu yangu."

Kijana alitazama mlango wa mkuu wake. "Ripoti imeshaandikwa, mama. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na iko kabatini."

"Iko kabatini inamfundisha nani? Kabati lina migomba?"

Mkuu wa mradi, mtu mzima mwenye miwani, alitoka kuona kelele ni za nini. Alimsikiliza Anatolia kwa adabu, kisha akaeleza kuwa ile ni ripoti ya mradi, imeandaliwa kwa ajili ya wataalamu.

"Sawa, baba," alisema Anatolia. "Lakini maswali nilijibu mimi. Mashina yaliyokwanguliwa ni yangu. Nikikupa maziwa ukatengeneza samli, hata kuionja usiniite?"

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kuna kanuni inayotukataza kuwasomea?" alimuuliza Rwegasira.

"Sijaiona, mzee. Nadhani hakuna mwananchi aliyewahi kuomba."

Yule mzee akacheka kwa sauti. Basi Rwegasira akakaa mchana kutwa akinakili jedwali kwa Kiswahili nyuma ya kalenda ya zamani, na Anatolia amekaa pembeni yake kwenye benchi, akimwambia aandike kwa herufi kubwa kwa sababu watu wa Bugomora wengi wamezeeka macho.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misani, Rwegasira alisimama mbele ya kanisa na kalenda yake. Alieleza kwamba hatasoma majina, atasoma namba za milango tu, pamoja na idadi ya mashina yaliyoliwa kati ya hamsini. Watu wakakaa kwenye majani.

"Namba moja: thelathini na manne."

Watu wote waligeuka kumtazama Polikarpi, mwenyekiti wa kijiji. Ndiye mwenye namba moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameidai. Na ndiye aliyekuwa akijisifu kila mkutano kwamba kibanja chake hakina mfano.

"Hayo ni makosa ya uandishi," alisema Polikarpi. Watu walicheka hadi padri akachungulia dirishani.

Rwegasira akaendelea. Ishirini na sita. Thelathini na moja. Namba kumi na mbili, ishirini na tisa. Hiyo ilikuwa ya Anatolia. Namba zilifuatana hivyohivyo, kila mtu akijipima na jirani yake, mpaka kijana akafika mahali akasita, akasogeza karatasi karibu na macho.

"Namba ishirini na saba: mawili."

"Mangapi?"

"Mawili. Nilihesabu mara mbili siku ile, nikidhani nimekosea."

 Kila mtu akaanza kuuliza, ishirini na saba ni nani? Mwanakijiji mmoja, Yustus, alisema yeye ni ishirini na sita. Mwenye ishirini na nane naye akajitaja. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na bonde dogo, na bondeni kulikuwa na kibanda kimoja tu.

"Kwa Kampire?" alisema Polikarpi. "Yule hana hata ng'ombe! Atapata wapi mbolea?"

Kampire alikuwepo, nyuma kabisa, ambako maelezo ya mwanzo hayakusikika vizuri, amekaa peke yake. Alikuwa bibi wa miaka kama sitini aliyetoka Burundi zamani, na alipata riziki yake kwa kuwalimia watu vibanja. Hakunyanyua mkono. Anatolia alimwona akiokota kikapu chake taratibu kama mtu anayetaka kuondoka, akamfuata na kukaa chini karibu naye.

"Mama Kampire, mbona unakimbia?"

"Binti yangu, sikujua," alinong'ona Kampire. "Wenzangu wana thelathini, wana ishirini. Mimi nina mawili tu. Nimeshindwa, sasa watanitoa kijijini."

Anatolia alitaka kucheka, lakini machozi yakamtangulia. "Hukushindwa, mama. Umetushinda sote. Hayo ni mashina yaliyoliwa!"

Kampire akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Waliokuwa karibu wakaanza kucheka pia, kabla hata ya kujua kinachochekesha.

Dakika chache baadaye kusanyiko lote lilikuwa linateremka bondeni, Polikarpi mbele kwa sababu ya cheo chake. Kibanja cha Kampire kilikuwa kidogo, lakini migomba yake ilisimama kama nguzo. Kampire akawaonyesha. Akishakata mkungu, haachi gogo la mgomba lisimame. Hulikata vipande, hupasua kila kipande katikati kwa urefu, na kukilaza karibu na mashina mengine, upande wa ndani ukigusa udongo. Baada ya siku tatu, asubuhi na mapema, hukigeuza.

Aligeuza kimoja. Fukusi tisa walikuwa wamejibanza humo, weusi, wakijifanya wamekufa.

"Wanapenda harufu yake," alisema Kampire. "Wanakuja wenyewe kama watu wa harusi." Akapiga mluzi. Kuku watano walitoka mbio nyuma ya kibanda, na baada ya muda mfupi hapakubaki fukusi hata mmoja.

Akawaonyesha pia jinsi anavyomenya kitako cha chipukizi hadi kibaki cheupe, ili asipande migomba pamoja na mayai ya mdudu. Rwegasira alikuwa amepiga magoti, anaandika mbio mbio.

"Mama, haya nani alikufundisha?"

"Mama yangu, kule kwetu."

"Na mbona hukutuambia?" aliuliza Polikarpi, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Kampire akaweka chipukizi chini. "Mimi huitwa kulima, mwenyekiti. Siitwi kusema."

Anatolia aliinamisha kichwa. Kampire alikuwa amempalilia kibanja chake kwa miaka mitatu. Walikunywa uji kutoka sufuria moja, wakaongea habari za mvua na wajukuu, na hata siku moja Anatolia hakuwahi kumuuliza, wewe kwako unafanyaje. Alisafiri kutwa nzima kwenda kutafuta majibu Kayanga, na majibu yalikuwa yanapalilia kibanjani kwake.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyekwenda kuileta namba yangu."

Tangu wiki ile Bugomora iliingiwa na wazimu wa fukusi. Anatolia alipaka masizi ubao mpana, wakautundika kwenye ukuta wa ghala la kahawa, na kila Jumamosi watu wakaandika kwa chaki idadi ya waliowakamata, kwa majina sasa, hakuna aliyetaka kujificha tena. Aliyepata wengi alieleza ametega vipi. Aliyekosa alieleza pia, na mara nyingi huyu ndiye aliyefundisha zaidi. Polikarpi alinunua kuku kumi na wawili na kudai kwamba wazo la kuku lilikuwa lake tangu zamani.

Mwaka uliofuata Rwegasira alirudi, akakwangua tena mashina. Kwa Anatolia alipata kumi na moja. Safari hii alisoma matokeo jioni ileile, kabla hajapanda baiskeli, na nakala akaiacha ghalani.

Habari zikavuka vilima. Msimu wa maharage wakaja wakulima tisa kutoka Nkwenda, wamevaa viatu vya kanisani, wakiuliza anakoishi mwalimu wa migomba. Anatolia aliwapeleka bondeni. Kampire aliwakaribisha kwa ndizi za kuchoma, akawaketisha, nao wakatoa madaftari na kushika kalamu tayari.

"Wekeni kwanza hizo kalamu," alisema, akivuta kigoda chake karibu nao. "Niambieni, nyinyi kule kwenu mnafanyaje?"

Walitazamana. Kisha mzee mmoja akakohoa, akasema kwamba kwao wao hutumia majivu, ingawa hana hakika kama yanasaidia.

"Majivu ya mti gani?" aliuliza Kampire, na Anatolia akafungua daftari lake.