Vioo vya Polisi

Vioo vya gari nilivipakata mimi. Vilikuwa vimefungwa ndani ya kitenge changu cha Pasaka, kile ninachovaa kanisani, na nilivishika magotini tangu Mubambiro kama mtu anayetoka materniti na mtoto. Kushoto kwangu mume wangu Evode alikuwa kwenye usukani, amenuna. Kulia kwangu alikaa mama mkwe wangu, Mama Mukamurenzi, na rozari yake. Dirishani kabisa alikaa shemeji yangu Mbonigaba, kaka mkubwa wa Evode na mwenye lori, ameridhika na nafsi yake. Nyuma kulikuwa na viazi, kabichi, jibini zangu za kuuza Walikale, na abiria juu ya mizigo. Lori lilikuwa linapanda milima ya Masisi bila kioo hata kimoja cha pembeni.

Wala si kwamba vioo vilikosekana. Kwa muda mrefu lori hilo lilitembea na kioo cha pikipiki kilichofungwa kwa mpira, na kioo chenyewe kilionyesha mawingu tu. Evode alizunguka Goma yote mpaka akapata vinavyolifaa: vya mkono mrefu, vinavyotokeza kupita upana wa mizigo, na chini ya kila kioo kikubwa kuna kingine kidogo, cha mviringo, kilichobinuka, kinachoonyesha tairi la nyuma na mtu aliye karibu nalo. Alivifunga mwenyewe akipiga mluzi. Polisi wa Goma walitusimamisha, wakaviangalia, wakatuacha. Tulipopita tu Mubambiro, nje ya mji, Mbonigaba akamwambia asimamishe gari.

"Tosha retro," akasema, akionyesha vioo.

"Kaka, retro njo macho ya gari."

"Retro ni ya polisi ya Goma. Huku polisi iko wapi? Mianzi itazivunja. Na Kashebere bataziiba, batazitumia kunyolea ndevu."

"Sasa nyuma nitaona na nini?"

"Bantu iko juu ya mizigo. Batakuambia."

Msidhani shemeji yangu ni mwendawazimu peke yake. Wenye magari wengi wa barabara yetu ndivyo wanavyofanya. Vioo huvaliwa mjini kama tai ya harusi. Ukirudi nyumbani, unavikunja na kuviweka. Na kwetu mdogo hamjibu mkubwa wake mbele za watu. Evode akachukua ufunguo wake, akafungua buloni zinazoshika vioo, na Mbonigaba akazitia buloni zenyewe mfukoni mwake.

Mimi sikuzaliwa naye tumbo moja, nikamuuliza, "Shemeji, kama retro ni ya polisi, freni nayo ni ya nani?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akanijibu, na kwa kuwa nina mdomo, akanibebesha vioo.

Sasa, kulikuwa na Mama. Mama alikuwa anakwenda Kashebere kumwona mjukuu, kwa sababu binti yake wa mwisho, Elodie, ameolewa huko na alikuwa amejifungua. Alimbebea unga wa mtama wa uji. Lakini Mama haamini lori mlimani. Kila tukifika kwenye mpando mbaya, anagonga kioo cha mbele kwa rozari.

"Munishushe."

"Mama, kaa tu," Mbonigaba anasema.

"Nikikufa, nikufe kwa miguu yangu."

Basi anashuka, anakamata fimbo, anatembea nyuma ya gari. Na kwa matope yalivyo, gari haliendi kumshinda. Tukifika juu tunamngoja, anapanda, anajipanga upya, unga wake unarudi kwenye mapaja yangu juu ya vioo. Mpando mwingine, anashuka. Masikio yake yamepungua, kwa hiyo hata ukimwita hageuki. Kufika Nyabiondo nilikuwa nimechoka kupokea unga kuliko Evode alivyochoka kuendesha.

Huko Nyabiondo mambo yakaongezeka. Kovoyeri wetu, Manzi, ambaye kazi yake ni kukimbia nyuma na jiwe na kulitia chini ya tairi gari likikwama mlimani, alishikwa na malaria, tukamwacha kwenye kituo cha afya. Evode akataka tutafute mtu mwingine. Mbonigaba akasema tutachelewa, na bantu iko juu ya mizigo. Bantu iko juu! Kwa mtu huyu bantu walikuwa juu kwa kila kazi, na ukiwatazama, nusu walikuwa wamelala.

Mvua ikatukuta kwenye mpando wa mwisho kabla ya Kashebere. Mlima upande wa kulia, umebana. Bonde upande wa kushoto, ambalo sikulitazama. Mama akashuka, na abiria wengi wakashuka naye. Tulikuwa tunapanda kidogo kidogo, matairi yanaimba, ndipo likatokea lori jingine kwenye kona, linateremka, limejaa mafuta ya mawese kutoka Walikale. Likasimama pua kwa pua na letu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na barabara ile hata ndama wawili haiwatoshi.

Kila mtu anajua kwamba anayepanda na mzigo harudi nyuma. Lakini yule dereva alitoa mikono nje ya dirisha: hangeweza kurudi juu katika utelezi ule, na freni zake alikuwa anaziombea. Ilibidi sisi turudi hadi pale chini palipopanuka. Mbonigaba akaruka chini kuongoza. Na alisimama wapi? Mbele. Hadi leo sielewi mtu anayeongoza gari linalorudi nyuma akiwa amesimama mbele yake.

"Kuya!" anapiga kelele, yaani njoo, mikono hewani. "Kuya, kuya!"

Abiria nao kila mmoja akawa shofere.

"Pinda!"

"Simama!"

"Wacha apinde, we!"

"Endesha tu, iko nafasi!"

Evode alikuwa ametoa kichwa nje upande wake, anachunga ukingo wa bonde. Jasho lilikuwa linamtoka kwa baridi ile.

"Kushoto naona," akaniambia. "Kulia sioni kintu. Kintu hata kimoja."

Nikatoa kichwa. "Shemeji, Mama iko wapi?"

"Iko kule chini kwa kona na benzake, nilimuona! Evode, rudisha! Unangoja nini?"

Hapo nilichoka na ukoo mzima. Nilichoka na mkubwa anayejua kila kitu na mdogo anayemnyamazia. Nikafungua kitenge changu, nikatoa kioo cha kulia.

"Mama Plamedi, unafanya nini?" Evode akaniuliza.

"Nafanya ile munakataa kufanya."

Mlango wa kulia ulifunguka nusu tu, ukagonga ukingo wa mlima. Nikajipenyeza, nikasimama kwenye kipandio, udongo ukinikwangua mgongo, nikaushikilia mkono wa kioo pale unapofungwa. Buloni si zilikuwa mfukoni mwa mwenye gari! Basi buloni nikawa mimi.

"Inamisha," Evode akasema. "Hapana, lete kwangu. Kidogo tena. Hapo, usitikisike."

Akaanza kurudisha, taratibu sana. Mimi sikuona kilichokuwa ndani ya kioo. Niliona mgongo wake mweusi, na uso wa Evode ukikitazama. Mbonigaba alikuwa anapiga makofi, "Kuya, kuya!", na mtu fulani nyuma akaitikia, "Iko nafasi!"

Kisha uso wa Evode ukabadilika. Macho yake yalishuka kutoka kioo kikubwa hadi kile kidogo, na akakanyaga freni kwa miguu miwili. Niligonga mlango kwa bega. Gunia la viazi lilianguka kule juu ya mizigo.

"Mama!" akasema Evode, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto mdogo.

Nikatelemka nikajivuta kati ya gari na mlima hadi nyuma. Alikuwa amechuchumaa pale, katikati ya tairi na ukingo, Mama Mukamurenzi, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, na mikono yote miwili imeshika jiwe kubwa chini ya tairi. Pindo la kitenge chake lilikuwa tayari limekanyagwa, limezama matopeni pamoja na tairi. Aliinua kichwa, amekasirika.

"Munarudia ju ya nini? Mungojee nimalize! Manzi haiko, sasa nani ataweka jiwe?"

Alitaka kusimama, nguo ikamrudisha chini.

Mbonigaba akatokea kwa upande wa nyuma, bado anafoka. "Ni nini tena? Iko nini sasa, Evode, mbona una..." Akaona. Akapiga magoti, akavuta nguo, haikutoka. Akavuta tena. Akaishika kwa meno kama mbwa na kuichana, akamnyanyua mama yake mikononi na kumweka mbali na gari, kisha yeye mwenyewe akakaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya Goma.

La mkuu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na guu lake pia. Mungu ndiye anajua nilivyolimeza.

Evode akafunga freni ya mkono, akaja mbio, akatia jiwe lile lile mahali pake. Mama aliwatazama wanawe, akatazama kipande cha nguo kilichobaki chini ya tairi, mwishowe akaniona mimi na kioo mkononi.

"Nani alitosha retro?"

Abiria wote, wale waliojua kila kitu, wakaenda kuangalia mizigo yao.

"Ni mie, Mama," Mbonigaba akasema.

"Ju ya nini?"

Nilingoja aseme polisi, mianzi, ndevu za watu wa Kashebere. Badala yake aliingiza mkono mfukoni akatoa buloni, moja ikaanguka matopeni, akaitafuta kwa mikono miwili kama mtu anayepapasa gizani. Ni Evode aliyevifunga vioo, vyote viwili, akaturudisha hadi palipopanuka, na lori la mawese likapita likitupigia honi ya shukrani.

Tulidhani sasa Mama atapanda. Akakataa.

"Mulima haiyaisha," akasema, akachukua fimbo, akarudi nyuma ya gari na kitenge chake kilichochanika.

Tukaendelea kupanda. Nafasi yake kati yangu na Mbonigaba ilikuwa wazi.

"Unamuona?" Mbonigaba akauliza.

"Namuona," Evode akajibu.

Tairi likateleza kidogo. "Unamuona?"

"Namuona, kaka."

"Retro gani?"

"Ya kulia. Acha niendeshe."

Tukafika kona. "Na sasa?"

Jamani! Mtu aliyesema vioo ni vya polisi, sasa hampi dereva nafasi ya kupumua. Nikamwambia, "Shemeji, si kioo kiko hapo kwa dirisha yako? Angalia mwenyewe."

Akakiangalia. Lakini kioo cha gari hutegewa macho ya dereva. Kutoka pale alipokaa kilimwonyesha udongo wa mlima tu, unapita. Akainama, akajinyoosha, akaegemeza shavu kwenye mlango, na bado ni udongo. Akarudi kukaa, mikono yake michafu imeshikana magotini.

"Evode," akasema polepole, "unamuona?"

"Namuona, kaka. Iko nakuya."