Mswaki wa Mwalimu Mahfoudh

"Achama!"

Mwalimu Mahfoudh akaingiza ncha ya rula kinywani mwa mwanafunzi wa kwanza, huku mdomo wake mwenyewe kauziba kwa leso. Kila asubuhi somo la usafi lilianza hivyo. Mwenye meno ya manjano alichapwa. Mwenye meno meusi alilipwa mshahara, maana alikuwa ndiye mwalimu.

Tangu alipokuja Maskati kutoka Unguja, mwaka wa sitini na nne, mswaki wake wa dukani ulisimama juu ya meza ya darasani ndani ya gilasi, haujapata kuonja mate. Mwalimu mwenzake, Majid, aliyesugua meno kwa kijiti cha mti, Mahfoudh alimwita mshamba. Kisha hugeuka akaongeza tonge la halwa juu ya jino bovu. Ujinga ulioje!

"Sukutua basi hata kwa maji ya chumvi," alisema mkewe, Kheiria. "Miaka sita nnazungumza na wewe nimekupa kisogo."

"Mimi ni mwalimu wa usafi, bibi!"

Mwisho wa mwaka wa sabini, serikali mpya ikifungua skuli mpya, alikuja mkaguzi, Sheikh Yaarub, naye mtu wa Unguja. Yeye ndiye angeamua mwalimu yupi abaki na yupi aende zake. Mahfoudh alijua, akahubiri habari za fizi mpaka jasho likamtoka, leso mdomoni.

"Ahsant," alisema mkaguzi. "Sasa waoneshe kwa vitendo, ustadh."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Akaiweka leso chini, na darasa zima likaona. Akautwaa mswaki kwenye gilasi. Akasugua mara moja, mara mbili. Mara ya tatu jino la mbele likadondoka mezani, na damu ikamchirizika kidevuni. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko fizi.

Majid, aliyekuwa akitazama mlangoni, akaja akamsogezea kikombe cha maji. Mkaguzi akafunga daftari lake.

"Majid, kuanzia kesho darasa hili lako. Na wewe, ustadh, kapumzike nyumbani."

Walipokwisha kutoka wote, Mahfoudh alibaki na yale maji. Hakusukutua. Aliuosha mswaki taratibu, akaukausha kwa upindo wa kanzu, akaurudisha ndani ya gilasi na kuisogeza katikati ya meza, pale pale pake. Kisha akaokota leso, akaziba mdomo, akatoka.