Pima Mbili za Methusela

Siku ya kuondoa tanga la Methusela, pale Mahongole, ndugu walifanya jambo ambalo Tabea akilikumbuka mpaka leo anatikisa kichwa. Waligawana filamu.

Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja kabla Methusela hajafa, watu wa serikali walikuja kupiga picha za sinema za kufundisha upandaji wa miti ya miwati, wakamchagua yeye ashike jembe na kucheka. Gari la sinema likauzungusha mkanda ule Njombe nzima mpaka ukachakaa, ofisi ikaagiza utupwe. Bwana Elieza, mwendesha mashine, moyo ukamkataa. Akauleta msibani. "Huyu ni wenu," akasema, akaondoka zake. Laiti angebaki!

Maana mali ya marehemu hugawiwa ndugu: koti kwa huyu, shoka kwa yule. Basi mkanda nao ukanyooshwa uani, ukapimwa kwa mikono na kukatwa kwa kisu, pima mbili mbili, kila mtu na chake. Tabea, mjane mwenye mimba ya miezi minane, alipewa kipande chenye miguu na udongo. Akakipokea. Siku ile hakuwa na nguvu za kubishana na mtu.

Mtoto alizaliwa, akaitwa Fidelia. Alipofika miaka mitano akauliza baba yake alikuwaje. Tabea akaushika mkanda dirishani, akamwonyesha miguu. Mtoto akatazama weee, kisha akasema, "Na kichwa chake kiko kwa nani?"

Jamani! Swali lile lilimchoma Tabea mpaka usingizi ukamruka. Gari la sinema lilipopita Makambako, akamfuata Elieza.

"Kusanya vipande vyote, mama," Elieza akamwambia. "Nikirudi baada ya mavuno nitaviunga kwa gundi na kuwaonyesha. Lakini mkanda unataka chumba chake, pakavu, pa baridi, mbali na moshi na jua. La sivyo utakufa mara ya pili."

"Chumba nitajenga. Wewe lete gundi."

Akajenga kweli, kibanda cha matofali mabichi nyuma ya nyumba, akatia na kofuli. Majirani wakamcheka: "Tabea kamjengea marehemu nyumba ya pili!"

"Ndiyo," akawajibu, "na hii haivuji."

Kisha akaingia njiani. Shemeji Yoramu wa Makambako alikuwa amefungia mzigo wa baiskeli kwa kipande chake. Tabea akaufungua mzigo palepale, viazi vikamwagika barabarani. Manase, baba mdogo wa marehemu, kule Mawengi, alikizungushia kofia, akanyang'anywa kofia na yote. Safari ya Iwawa ilimchukua siku tatu, kwa lori na kwa miguu, baridi inauma. Wifi Bertila alikuwa amekitundika juu ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu. "Nimekitunza, wifi! Mahali pazuri kuliko pote!" Masikini, nusu ilikuwa imejikunja kwa joto. Tabea alitaka kumgombeza, akaishia kulia, wakalia wote wawili.

Kikabaki kipande cha uso. Hicho alikuwa nacho Mzee Hezekia, baba mkwe wake, na Tabea alikwenda kwake akiwa amejiandaa kwa ugomvi.

Mzee akafungua Biblia. Kipande kilikuwa humo, kisafi, hakina hata mkwaruzo.

"Kila asubuhi kabla ya sala namwangalia kidogo," akasema. "Hiki sikupi."

"Baba, mimi na mjukuu wako tuna miguu tu. Wewe una uso. Tutakaa hivi mpaka lini?"

"Nikikupa, asubuhi nitamwangalia nani?"

Maneno yote ya ugomvi yakamwisha Tabea. Alikuwa na ufunguo mmoja tu wa kile kibanda, ameufunga shingoni kwa kamba. Akauvua, akauweka juu ya Biblia.

"Utakaa nao wewe, baba. Mimi nitakuwa nakuja kukuomba."

Baada ya mavuno Elieza akarudi, akaviunga vipande, na watu wakajaa darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Picha iliruka pale pa Bertila, ikatetemeka pale pa Yoramu, lakini Methusela alipita, mzima, anacheka. Elieza akauzima mtambo upesi. "Mashine itaukata," akasema. "Kuanzia leo mwangalieni kwa mkono tu, dirishani."

Kesho yake asubuhi Tabea alisikia kofuli likifunguka. Akachungulia. Mzee Hezekia alikuwa kwenye kidirisha cha kibanda anauvuta mkanda polepole, na Fidelia amesimama juu ya kigoda, shingo imenyooka.

"Miguu," akasema mtoto. "Jembe. Mikono. Babu, na kichwa?"

"Kinakuja, mjukuu wangu," akasema mzee. "Subiri. Kinakuja."